Doti za semikondakta ndani ya polima ya fuwele majimaji: njia nne, na ipi ikufae wewe

Ukiingia duka la TV Kariakoo ukaona boksi limeandikwa QLED, ndani ya ile TV kuna vitu viwili ambavyo ndio habari yangu ya leo. Cha kwanza ni fuwele majimaji, ile inayosaidia kuruhusu au kuzuia mwanga kwenye kila kijisehemu cha picha. Cha pili ni chembe ndogo sana za semikondakta (kitu kinachopitisha umeme nusunusu) zinazopokea mwanga wa bluu na kutoa wa kijani na mwekundu. Kinachochekesha ni kwamba hawa ni wapangaji wa nyumba moja na hawajawahi kusalimiana: chembe ziko nyuma kwenye karatasi yake ya plastiki, fuwele iko mbele katikati ya vioo viwili. Watu wa maabara wakajiuliza, je tukiwaweka chumba kimoja? Yaani chembe zikae ndani kabisa ya ile fuwele, na fuwele yenyewe iwe ya polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli kama plastiki, ili mwisho upate filamu ngumu unayoishika mkononi na sio kimiminika cha kumwagika?

Jibu ni kwamba inawezekana, ila njia ni nyingi na kila mwenye yake anaisifia. Hapa nalinganisha nne ambazo mtu anayeanza mradi wa masters au PhD, au mtu wa maabara anayetaka kujaribu, lazima atakutana nazo na kukwama. Mimi mwenyewe nilikwama karibu nusu mwaka kwa sababu nilichagua njia kabla ya kujiuliza nataka mwanga wa aina gani utoke upande wa pili.

Kwanza tuelewane maneno

Nikisema doti hapa sio doti ya khanga, ni nukta kwanta, chembe ya semikondakta yenye upana wa nanometa 2 mpaka 10 hivi. Utamu wake ni kwamba rangi inatokana na ukubwa. Chukua CdSe, yaani kadmiamu na seleniamu, ukiitengeneza ya nanometa 2 inakupa bluu, ukiifikisha kama 6 inakupa nyekundu, kemikali ni ile ile. Ndio kazi iliyowapa Ekimov, Brus na Bawendi Nobeli ya Kemia mwaka 2023, na kati yao Bawendi ndiye aliyewarahisishia wengine maisha, maana mwaka 1993 yeye na wenzake walichapisha namna ya kuzipika kwenye mafuta ya moto sana zikatoka karibu zote saizi moja. Shika hapo kwenye mafuta ya moto, tutarudi.

Fuwele majimaji ni za zamani zaidi, Reinitzer aliziona Prague mwaka 1888, kitu kilichotoka kwenye kolesteroli kikayeyuka kwenye nyuzi 145.5 kikawa uji wa maziwa, halafu kwenye 178.5 ndio kikawa safi kama maji. Ule uji ndio wenyewe: molekuli zinatiririka lakini zimeelekea upande mmoja kama majani ya mpunga kwenye upepo. Molekuli hizo ndefu ngumu zinaitwa mesojeni. Zikielekea upande mmoja tu bila kupanga safu ni nematiki, zikipanga safu safu ni smektiki, zikielekea upande mmoja huku zinajisokota kama ngazi ya mnara ni kolesteriki. Na ukizining'iniza pembeni mwa uti wa polima kwa kamba fupi inayonyumbulika, wazo ambalo Finkelmann, Ringsdorf na Wendorff walilielezea mwaka 1978, unapata polima ambayo bado ina tabia ya fuwele majimaji ila ukiipoza inaganda na mpangilio wake humo ndani.

Vigezo nitakavyotumia

Nitaziuliza njia zote nne maswali yale yale.

Kutawanyika: doti zinakaa moja moja au zinajikusanya mabonge, na unaweza kuweka nyingi kiasi gani.

Mpangilio: ile fuwele inabaki fuwele baada ya kupokea wageni?

Mwanga: doti bado zinawaka vile zilivyowaka kwenye chupa?

Kudumu: baada ya miezi, baada ya jua, baada ya unyevu.

Kazi na pesa: vifaa, muda, sumu.

Kigezo cha kwanza nakipa uzito kuliko vyote na nitakwambia kwa nini. Fuwele majimaji haipendi wageni. Ukiichanganya ikiwa ya moto, imeyeyuka na haina mpangilio wowote, doti zinaogelea vizuri tu. Ukiipoza na mesojeni zikaanza kujipanga, zinazisukuma doti nje, kila moja inasukumwa mpaka iangukie kwenye mpaka wa maeneo au kwenye kasoro, na huko zinakutana nyingi zinashikana. Bonge la CdSe lina refraktivu indeksi (kipimo cha jinsi kitu kinavyopinda mwanga) karibu 2.5 wakati polima iko kama 1.5 mpaka 1.7, kwa hiyo bonge likishakua linatawanya mwanga na filamu inakuwa na ukungu. Zaidi ya hapo, doti zilizobanana chini ya nanometa 10 zinapokezana nishati, ndogo inaipa kubwa, na rangi inasogea upande wa nyekundu bila wewe kuomba. Filamu yangu ya kwanza jioni ilikuwa safi mpaka nikapiga picha niitume nyumbani, asubuhi nikaiweka chini ya taa ya UV nikakuta madoa madoa kama mtoto mwenye ukurutu.

Njia ya kwanza: kuchanganya tu

Unachukua polima ya fuwele majimaji, au monoma zake (molekuli ndogo zinazoshonwa kuwa polima), unaziyeyusha pamoja na doti kwenye toluini au klorofomu, unamwaga kwenye kioo, unakausha, unapasha taratibu ili fuwele ijipange. Basi. Wiki mbili unaweza kuwa na kitu cha kupima.

Kutawanyika ndio udhaifu wake, kwa sababu nimeshaueleza hapo juu. Kiasi unachoweza kuweka kabla ya mabonge ni kidogo, mara nyingi asilimia chache kwa uzito na wakati mwingine hata moja haifiki, inategemea polima na inategemea nywele za doti. Nywele namaanisha liganda, zile molekuli kama asidi oleiki zinazoifunika doti isishikane na mwenzake. Nywele za mafuta na mesojeni haziongei lugha moja.

Mpangilio unabaki mzuri ukiwa mpole na kiasi. Joto la fuwele kupoteza mpangilio linashuka kidogo, sio jambo la kukutisha.

Mwanga hapa ndio unashinda, maana doti hujaigusa, imebaki na nywele zake ilizozaliwa nazo, kwa hiyo inawaka karibu kama kwenye chupa. Ila angalia, kama unatumia monoma na unazigandisha kwa UV, kuna mambo mawili. Moja, radikali, yaani molekuli kali zinazoshona polima, zinaweza kula uso wa doti zikapunguza mwanga. Mbili, doti zenyewe zinakunywa UV, zinagombania na kianzishi (kemikali inayoanzisha kuganda ikipigwa mwanga), kwa hiyo filamu nene inaganda juu chini inabaki laini kama uji uliopoa. Tiba ni kuchagua kianzishi kinachofanya kazi kwenye nanometa 405 badala ya 365, au kuachana na monoma ukatumia polima iliyoshatengenezwa.

Kudumu ni wastani. Polima iliyo chini ya joto lake la kugeuka kioo inazifungia doti mahali, lakini ukiipasha tena juu ya hapo zinaanza safari yao ya kutafutana.

Kazi na pesa, hii ndio ya bei nafuu, hakuna cha kutengeneza, unanunua vyote.

Na usiidharau kwa urahisi wake. Mwaka 2012 Bobrovsky na Shibaev wa Chuo Kikuu cha Moscow pamoja na wenzao wa Minsk na kwingineko, akina Artemyev na Nabiev, walichapisha kazi ya kolesteriki yenye doti ambamo mwanga unaotoka una polaraizesheni ya duara, yaani wimbi lake linazunguka kama skrubu kwa mkono wa kulia au wa kushoto, na wakaweza kuidhibiti kwa mwanga na kwa umeme. Inakuwaje? Kolesteriki inarudisha mwanga wa urefu wa wimbi unaolingana na msokoto wake. Tuseme msokoto mmoja ni nanometa 400 na refraktivu indeksi ni 1.6, zidisha unapata 640, hapo ni nyekundu. Upana wa ukanda wa rangi zinazorudishwa unatokana na tofauti ya indeksi mbili za mesojeni (ya urefu wake na ya upana wake), ikiwa 0.15 basi ni 0.15 mara 400, nanometa 60. Na inarudisha mkono mmoja tu, wa msokoto wake, mkono wa pili unapita. Sasa doti nyekundu ikikaa ndani ya msokoto huo, mwanga wa mkono unaokatazwa unabanwa na wa mkono mwingine unatoka. Doti yenyewe ni duara haijui kushoto wala kulia, ni nyumba inayoifundisha adabu.

Inamfaa mwenye muda mfupi, anayehitaji doti chache tu ziwake, na anayetaka kuujua mfumo kabla ya kujifunga nao.

Njia ya pili: kuzifunga kwa kemia

Hapa doti haiingii kama mzamiaji. Ni kama harusi yenye sare, mgeni aliyevaa kitenge kile kile cha familia hakuna anayemuuliza unatokea wapi. Ama unavua zile nywele za mafuta unaivika doti liganda zenye mesojeni mwishoni, ama unaiacha doti unaiwekea polima vishikio, mfano vikundi vya asidi ya kaboksili au piridini, vinavyokamata uso wa doti.

Kutawanyika hapa ni habari nyingine kabisa. Unaweza kwenda kwenye makumi ya asilimia kwa uzito bila filamu kuwa na ukungu. Ila usidanganywe na asilimia za uzito, hili watu wengi linawapita. CdSe ina uzito wa gramu 5.8 kwa sentimita ya ujazo na polima kama 1.2, kwa hiyo asilimia 10 kwa uzito ni kama asilimia 2.2 tu kwa ujazo. Halafu nywele nazo zina nafasi yake: doti ya nanometa 4 yenye nywele za nanometa 2 kila upande ni mpira wa nanometa 8, na kiini ni sehemu moja tu ya nane ya ujazo wa huo mpira. Ukisoma mtu amejaza asilimia kubwa uliza kwanza ni uzito au ni ujazo, na nywele zimehesabiwa au hazijahesabiwa.

Mpangilio una pande mbili. Ukipatia, fuwele haikubali doti tu bali inazipanga. Kundi la Talroze la Taasisi ya Topchiev huko Moscow mwaka 2008 lilionyesha doti za CdSe zikipangwa ndani ya polima smektiki inayoshikiliwa na bondi za hidrojeni. Ukikosea, unaibomoa. Polima za namna hiyo zinapata umbo la mesojeni pale asidi mbili zinaposhikana mikono, doti nayo inataka kushika zile zile asidi, ukiweka doti nyingi hakuna asidi iliyobaki ya kumshika mwenzake na smektiki inakufa. Kwa hiyo kuna kiasi cha juu na utakipata kwa kupima, sio kwa kukisia.

Mwanga, hapa ndio penye machozi. Kubadilisha nywele kunaiacha doti uchi kwa muda, na uso ulio uchi una mashimo ya kunasa elektroni. Liganda za thioli (zenye salfa) zinashika vizuri sana lakini zinaua mwanga wa CdSe tupu. Asidi ni wapole zaidi. Dawa ya kawaida ni kununua au kutengeneza doti zenye koti, CdSe ndani na ZnS (zinki na salfa) nje, ule uso unaoumia unakuwa wa koti na sio wa kiini. Nilipobadili kwenda za koti mwanga wangu ulirudi mpaka nikadhani nimesoma mashine vibaya.

Kudumu ni bora kuliko ya kwanza, doti imefungwa haina pa kwenda hata ukipasha filamu.

Kazi na pesa: nyingi. Liganda yenye mesojeni unaitengeneza mwenyewe hatua tatu, nne, tano, kila hatua kuchuja kwenye kolamu na kusafisha, halafu baada ya kubadilisha nywele unasafisha doti tena mara kadhaa na kila safari unapoteza kidogo. Na bila darubini ya elektroni na X-rei ya pembe ndogo huwezi kuthibitisha kwamba zimejipanga, utabaki unasema naamini.

Inamfaa mwenye miaka mitatu, msimamizi anayejua kemia ogani, na anayehitaji doti nyingi kwenye filamu nyembamba.

Njia ya tatu: kuziotesha humo humo

Badala ya kuleta doti kutoka nje, unaleta ayoni za kadmiamu, zinki au risasi zikae ndani ya fuwele, halafu unapitisha chanzo cha salfa na semikondakta inaota pale pale. Mwaka 1996 Braun, Osenar na Stupp wa Illinois walichapisha hili kwenye jarida la Nature, CdS (kadmiamu na salfa) ikaota ikifuata umbo la fuwele majimaji yenye maji ndani yake, kama zege linavyofuata mbao za fundi. Kwenye polima unaweza kutumia nyavu za smektiki za bondi za hidrojeni, unazikata zile bondi kwa besi (kinyume cha asidi), zinabaki nafasi nyembamba zilizojaa vikundi vyenye chaji hasi, na ayoni za metali zinaingia hapo kama wateja kwenye daladala tupu.

Kutawanyika ni kwa asili, chembe zinaota mahali palipopangwa kwa hiyo hakuna haja ya kubembeleza. Mpangilio pia ni mzuri, ingawa ukirudia mizunguko mingi ya kujaza filamu inavimba.

Mwanga ni dhaifu na sitazunguka hapa. Kumbuka mafuta ya moto ya Bawendi, yale yako kwenye nyuzi 300 hivi, na hakuna polima ya namna hii itakayokaa huko ikasalimika. Ukiotesha kwenye joto la kawaida unapata chembe za saizi mchanganyiko zenye uso mbovu, rangi pana, mwanga hafifu. Kudumu ni kuzuri. Kazi sio ngumu ila kama chanzo chako cha salfa ni gesi ya H₂S basi ujue ni sumu ya kweli, harufu yake ya yai bovu inakupa onyo mwanzoni na kiwango kikipanda pua inakufa ganzi huisikii tena. Bila hudi, lile kabati la maabara la kuvuta hewa chafu, inayovuta vizuri na kengele ya gesi usiiguse, tumia chumvi ya salfaidi kwenye maji hata kama inaenda polepole.

Inamfaa asiyehitaji doti ziwake: mtu wa kupandisha refraktivu indeksi, wa kuchuja UV, wa optiki ambapo chembe inabadilisha mwanga unaopita tu.

Njia ya nne: kila mmoja na safu yake

Hii ni ile ya TV lakini kwa akili zaidi. Doti zinakaa kwenye filamu yao ya akrileti, juu yake unaweka filamu ya polima ya fuwele majimaji, hazichanganyiki. Watafiti wengine wanaiona ya uvivu na mimi nilikuwa mmoja wao.

Kutawanyika sio tatizo tena, unachagua polima ambayo doti zinaipenda. Mpangilio wa fuwele haujaguswa. Mwanga wa doti haujaguswa. Na unaweza kufanya ujanja ufuatao: weka kioo cha metali chini, doti katikati, kolesteriki juu. Mwanga wa mkono mmoja unapita, wa mkono mwingine unarudishwa chini, unagonga metali, na metali inageuza mkono, kushoto inakuwa kulia, kwa hiyo ukirudi juu sasa unapita. Polaraiza ya kawaida ingemeza nusu ya ule mwanga, hapa sehemu kubwa inapata nafasi ya pili.

Unachopoteza ni ule ukaribu. Vijiti vya semikondakta haviwezi kuelekezwa na fuwele ambayo haviko ndani yake. Leza ya kolesteriki, ambapo mwanga unakwama kwenye ukingo wa ule ukanda mpaka unajikuza, haiwezekani kama kinachowaka kiko nje ya msokoto. Na ukinyoosha filamu ya elastoma (inayovutika kama mpira) ukitegemea doti nazo zibadilike, hazitajua hata kama umenyoosha.

Kudumu ndio nguvu yake, unafunika safu ya doti kwa filamu ya kuzuia oksijeni na maji kama wafanyavyo watengenezaji wa TV. Kazi na pesa ni kidogo kuliko zote ukiacha ya kwanza.

Inamfaa mtu wa kifaa, mtu wa kiwanda, na mtu ambaye polaraizesheni au rangi ndio lengo na sio doti zenyewe.

Umbo na kemia ya chembe, kwa haraka

Umbo linabadilisha jibu. Doti ya duara haina polaraizesheni yake, inategemea nyumba. Vijiti vya CdSe ndani ya koti refu la CdS vinatoa mwanga wenye polaraizesheni ya mstari, yaani wimbi linatikisika kwenye mstari mmoja tu, kufuata urefu wake, na ndani ya nematiki vinaelekea upande wa mesojeni, hapo njia ya kwanza na ya pili zina maana ambayo ya nne haina. Vigae, yaani chembe bapa za CdSe za unene wa tabaka chache za atomi, rangi yake ni nyembamba ajabu lakini vina ugonjwa wa kupandana kama sahani kabatini.

Perovskaiti CsPbBr₃, yaani fuwele ndogo za sesiamu, risasi na bromini, zilizotokea mwaka 2015 kwa kundi la Kovalenko kule Zurich, zinawaka kijani kikali kweli kweli, ila ni mayai, maji yanazivunja, asidi na vimiminika vingi vyenye polariti vinazivunja. Usizipeleke kwenye polima yenye vishikio vya asidi, zipe njia ya nne au ya kwanza kwa upole. InP (indiamu na fosforasi) yenye koti la ZnS haina kadmiamu, na hilo ni kubwa kama unawaza soko: Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha kadmiamu kwenye vifaa vya umeme asilimia 0.01 kwa uzito wa kila nyenzo, ya risasi ni 0.1.

Na kama polima yako ina azobenzini, ile inayojikunja ukiipiga UV ya 365 na kunyooka ukiipiga bluu, chagua doti nyekundu. Doti ya bluu ndani ya azobenzini ni adui wa nyumbani, wewe unaikunja kwa UV, doti inameza UV hiyo hiyo inatoa bluu, bluu inainyoosha tena. Nimeona mtu anasumbuka na hili mwezi mzima akidhani taa yake imechoka.

Sasa wewe uko wapi

Una miezi sita, taa ya UV, spektromita na darubini ya polaraiza tu: njia ya kwanza, doti za duara zenye koti, anza na asilimia 0.1 upande taratibu, kila hatua angalia kwenye darubini siku ya kwanza na siku ya saba.

Unataka polaraizesheni ya duara: jiulize kama unahitaji leza au kubadilisha kwa umeme kutoka ndani. Ndiyo? Kwanza. Hapana? Nne, na utalala usingizi.

Unataka polaraizesheni ya mstari: vijiti, ndani ya nematiki. Vichache njia ya kwanza, vingi ya pili.

Unataka filamu nyembamba iliyojaa doti na isiyo na ukungu: ya pili, na tenga mwaka wa kwanza mzima kwa ajili ya liganda.

Hutaki ziwake, unataka indeksi au kichujio: ya tatu, baada ya kukagua hudi.

Unawaza bidhaa ya kuuza Ulaya: InP na njia ya nne. CdSe itakuletea maswali ya kisheria kabla haijakuletea mteja.

Uko Dar, Nairobi au Kampala na maabara haina glovu boksi (kisanduku cha kufanyia kazi bila hewa ya kawaida kuingia): achana na perovskaiti kwa sasa, CdSe yenye koti la ZnS inavumilia kufanyiwa kazi kwenye hewa ya kawaida. Na ukiagiza doti, uliza kama wanauza za unga, maana zikija ndani ya toluini kwa ndege huo ni mzigo hatari unaoshika moto na usafirishaji wake unaweza kuzidi bei ya doti zenyewe.

Umeshachagua tayari na msimamizi hataki kusikia kubadilisha: sawa, ila kabla hujaweka doti hata moja tengeneza filamu tupu ya polima ile ile, unene ule ule, joto lile lile, uiweke kabatini. Siku filamu yenye doti itakapotoka na ukungu utakuwa na pa kulinganishia, mimi sikuwa nayo na ilibidi nianze upya.